Askari wa Nyota Moja na Askari wa Nyota Mbili: Matembezi ya Vipepeo, Gede hadi Kilifi

Msafiri atokaye Malindi kuelekea kusini huiacha bahari mkono wake wa kushoto, na kabla hajamaliza kilomita 20 hukuta mambo mawili yamekaa jirani: upande wa bahari yapo magofu ya mji wa Gede, na upande wa bara umesimama msitu wa Arabuko-Sokoke. Gede ni mji wa Waswahili uliostawi baina ya karne ya 13 na ya 17, wenye msikiti wake mkuu, jumba lake la kifalme, visima vyake na makaburi yake ya mawe ya matumbawe. Mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wengi wa wasomaji wetu wamekwisha kuwapeleka watoto wao kuyatazama mawe hayo. Safari hii sisi hatukuyafuata mawe. Tulifuata vipepeo, tena si wale wakubwa wenye mabawa ya samawati na manjano ambao kila mtu huwakimbilia kwa kamera, bali wadogo wenye rangi ya kahawia ambao aghalabu hupita mbele ya macho bila kusalimiwa.

Tulikuwa familia nne za mtaa mmoja: akina mama, watoto, na babu mmoja aliyekuja na mkeka wake na chupa ya chai ya tangawizi. Tuliondoka mapema baada ya sala ya alfajiri, kwa sababu vipepeo tuliowakusudia hupenda kuruka asubuhi na jioni, na jua likishapanda hujificha chini ya majani. Kila familia ilichukua simu moja ya kupigia picha. Sharti letu lilikuwa dogo: kipepeo asishikwe, asitiwe katika chupa, apigwe picha tu, kisha jina lake litafutwe kwa kuitazama ile picha. Tulijua mapema kwamba kupiga picha ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni lile jina.

Mradi wa Gede na msitu wake

Ndani ya uwanja wa magofu ya Gede umo Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993. Inafaa kila familia ya pwani iijue kazi yake. Wakati ule wengi wa waliokaa kandokando ya msitu walitamani ukatwe ili wapate mashamba. Msitu uliwekwa chini ya hifadhi ya serikali tangu mwaka 1943. Wanyama walitoka wakala mihogo na mahindi, na mkulima hakuona faida. Mradi ukaleta njia nyingine. Mkulima hupanda karibu na nyumba yake mimea ambayo viwavi huila, humkamata kipepeo jike kutoka msituni, humtia katika kizimba cha wavu ili atage, huwalea viwavi kwa majani mabichi kila siku, na wakishajifunga wakawa pupa, huwapeleka Gede kuuzwa. Pupa hao husafirishwa haraka kwa ndege kwenda Ulaya na Marekani, ambako kuna nyumba za vioo za maonyesho ya vipepeo hai. Safari haina budi kuwa ya haraka, kwani pupa hangoji. Siku zake zikitimia hupasuka, hata akiwa ndani ya sanduku.

Akina mama ni miongoni mwa wafanyao kazi hii, na uzuri wake ni kwamba haiwatoi mbali na nyumba zao. Ila hapo pana jambo lililotugusa kwa ajili ya safari yetu. Mnunuzi wa ng'ambo haagizi vipepeo tu. Huagiza aina kwa jina lake. Pupa wa aina mbili waweza kufanana kama punje mbili za mtama, na sanduku likiandikwa jina lisilo lake, siku ya kutoka kipepeo uongo hudhihirika mbele ya mnunuzi. Jina hapa si pambo. Jina ni mkate wa mtu.

Warukaji

Vipepeo tuliowafuata ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Hesperiidae. Sisi tuliwaita warukaji, kwa namna wanavyoruka kwa mishtuko ya ghafla, mara hapa mara pale, jicho likashindwa kuwafuata. Duniani wapo wa aina zaidi ya 3,500. Arabuko-Sokoke peke yake, msitu wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, umeorodheshwa kuwa na vipepeo wa jamii zote zaidi ya aina 250, na warukaji wamo kwa wingi.

Kuwatambua kwamba ni warukaji si vigumu. Kiwiliwili chao ni kinene kuliko cha vipepeo wengine, kichwa ni kipana, na yale papasi mawili ya kichwani yameachana kwenye mashina yake, na ncha zake aghalabu zimepinda kama ndoana. Ukiona ncha za namna hiyo pichani umekwisha kuijua jamii. Ugumu huanza baada ya hapo, pale unapotaka kujua ni nani hasa katika jamii hiyo, kwani wengi wao wamevaa kanzu ya rangi moja.

Nyota ya begani

Tuliingia msituni kutoka upande wa Gede pamoja na kijana mwongozaji aliyezaliwa na kukulia kando ya msitu. Sehemu hii ya mashariki ni msitu mchanganyiko, penye mbambakofi na miti mingine mingi. Ukienda mbele kidogo hukutana na ukanda wa mrihi juu ya mchanga mweupe, na magharibi zaidi, kwenye udongo mwekundu, mfunda ndio hutawala. Kila udongo una miti yake, na kila mti una viwavi wake.

Warukaji wa kwanza kuonekana walikuwa wakubwa wa jamii hii, wa jenasi ya Coeliades. Waingereza wamewapa jina la polisi, na wamewapangia vyeo kwa nyota kama zile ambazo maofisa huvaa mabegani. Ukiwatazama kwa juu hawatofautiani sana: kahawia, wanene, wepesi kama jiwe la kombeo. Siri yao imo upande wa chini wa bawa la nyuma, ambako pana mkanda mweupe. Akiwa na mkanda mweupe safi usio na doa jeusi ndani yake, huyo ni Coeliades forestan. Mkanda ukiwa na doa moja jeusi, huyo ni Coeliades anchises, askari wa nyota moja. Ukiwa na madoa mawili yanayoonekana wazi, huyo ni Coeliades pisistratus, askari wa nyota mbili. Na kwa bahati njema, askari hawa wakipumzika hujining'iniza chini ya jani na kufumba mabawa, wakauonyesha upande ule ule wenye habari. Anayetaka kuwajua hana budi kuinama.

Binti mmoja wa miaka 12 aliinama kabla yetu sote. Alipiga picha, akaitia katika programu ya simu, akainuka kwa furaha.

"Wa nyota moja!" akasema. "Simu imesema."

Yule kijana akaitazama picha, akamrudishia simu kwa upole. "Mwanangu, simu imekisia. Wewe mwenyewe umeona nini?"

"Nimeona doa moja."

"Na hapa chini ya bawa, pana nini?"

Binti akaikuza picha. Pembe ya jani ilikuwa imeufunika mkanda mweupe karibu nusu yake.

"Pana jani," akasema.

"Basi doa moja umeliona. La pili hujaliona, wala hujaona kwamba halipo. Hayo ni mambo mawili."

Babu aliyekuwa ameketi juu ya mkeka akacheka, akasema kwamba maneno hayo kijana ameyatoa barazani kwa kadhi. Tulisubiri. Kipepeo alihama jani, akaja kutulia mahali palipo wazi, na picha ya pili ikauonyesha mkanda wote. Madoa yalikuwa mawili.

Tumelitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu ndani yake imo kanuni nzima ya kumtambua kiumbe kwa picha. Aliyeona madoa mawili ana ushahidi wa kutosha: huyu si wa nyota moja, hata kama nusu ya bawa imefichika. Lakini aliyeona doa moja katika picha iliyofunikwa hana ushahidi wa doa moja. Ana ushahidi wa picha pungufu. Kuonekana kwa kitu ni hoja, na kutoonekana kwake huwa hoja pale tu ambapo mahali pake pameonekana pote.

Wenye jamaa Arabuni watafurahi kusikia kwamba yule wa nyota moja hakai huku tu. Coeliades anchises hupatikana pia Omani, Yemeni na kisiwa cha Sokotra. Ndugu zetu walioko huko wakiinama chini ya majani ya bustani zao, huenda wakakutana na askari wa cheo kile kile anayepiga zamu huku kwetu.

Nyasi za Mnarani

Kutoka Gede tuliendelea kusini hadi Kilifi, tukavuka daraja la hori na kufika Mnarani, penye magofu ya msikiti na nguzo ya kaburi juu ya jabali linalotazama maji. Hapa hapana msitu mnene. Pana nyasi na jua, na warukaji wake ni wengine: wadogo, kahawia, wenye vidoa vyeupe vinavyopenyeza mwanga kwenye bawa la mbele. Hawa hukaa kwa namna yao, mabawa ya mbele yameinuliwa nusu na ya nyuma yamelazwa. Viwavi wao hula nyasi, na kwa kuwa mpunga na mahindi nayo ni nyasi, mkulima huwakuta shambani wamekunja jani na kulishona kwa nyuzi zao wenyewe.

Hapa ndipo macho huchoka. Jenasi ya Pelopidas na jenasi ya Borbo zaweza kukaa juu ya ua moja, na mtazamaji akadhani ni ndugu wa tumbo moja. Dume la Pelopidas lina alama ambayo dume la Borbo halina: mstari wa mshazari juu ya bawa la mbele. Kwa Pelopidas mathias mstari huo ni wa kijivu, na kwa Pelopidas thrax ni mweupe. Naye Borbo fatuellus ana papasi marefu kuliko wenzake na hupendelea kivuli cha miti. Kwa hiyo askari wa msituni hujulikana kwa upande wa chini wa bawa, na hawa wa nyasini huhitaji upande wa juu pia. Mwenye picha ya upande mmoja ana nusu ya habari.

Majike wa Pelopidas hawana mstari ule, na hapo kazi huzidi. Hutazamwa ukubwa wa vidoa, mpangilio wake na umbali baina yake. Tena kipepeo aliyeishi siku nyingi huwa amechujuka, vigamba vya mabawa vimepukutika kama vumbi, na rangi iliyoandikwa kitabuni haionekani tena. Wataalamu wenyewe wakifika hapo huacha picha wakachukua hadubini, wakachunguza maumbile ya ncha ya tumbo la kipepeo, kwa kuwa mabawa mawili yaliyofanana kabisa yaweza kuwa ya aina mbili tofauti. Torben Larsen, mtaalamu kutoka Denmark aliyetoa kitabu kikubwa cha vipepeo wa Kenya mwaka 1991, alikuwa na vielelezo vya makumbusho mbele yake. Sisi tulikuwa na simu na nyasi za Mnarani. Kwa picha nne tulizopiga hapo, tuliandika jina kamili kwa moja tu, dume lililoonyesha mstari wa kijivu. Nyingine tatu tuliziandika "mrukaji wa nyasi", tukaweka tarehe na mahali. Watoto walinung'unika kidogo, kisha wakakubali.

Pia tuliona wale weusi wadogo wenye madoadoa meupe kama kitambaa cha kunguru, jenasi ya Spialia, ambao hukaa karibu na ardhi kwenye njia ya mchanga. Mmoja katika jenasi hiyo ameitwa na wataalamu Spialia confusa, neno la Kilatini lenye maana ya kilichochanganyika. Ikiwa waliomsomea wamempa jina hilo, mtoto wa shule asione haya kusitasita mbele yake.

Ukindu na viwavi wake

Tukirejea mjini tulikumbushana habari moja ambayo wasusi wa mikeka wataipenda. Wapo warukaji wa jenasi ya Zophopetes wanaoruka magharibi jua likizama, wakati vipepeo wengine wamekwisha kulala. Viwavi wa Zophopetes dysmephila hula makuti ya minazi na majani ya mkindu, ule ule tunaoutoa ukindu wa mikeka, vipepeo vya mkono na makawa. Kiwavi hujikunjia chane, akaishona kwa nyuzi na kujificha ndani mchana kutwa. Mama anayechagua ukindu akikuta chane iliyojikunja na kushonwa, ajue kwamba huenda kuna mgeni ndani, na mgeni huyo akiachwa atakuwa mrukaji wa jioni. Huyu mama ana faida kuliko mwenye kamera ya bei kubwa, kwani ameujua mti wa chakula. Jina la mmea ambao kiwavi amekutwa akiula hufunga milango mingi ya kukisia.

Kwa familia zitakazojaribu

Jambo hili halihitaji gharama. Linahitaji saa mbili za asubuhi na subira. Haya ndiyo tuliyoyaona kuwa na manufaa.

Piga picha zaidi ya moja kwa kipepeo mmoja: ya ubavuni, mabawa yakiwa yamefumbwa, ya juu, yakiwa yamefunguka, na ya kichwa, ili papasi yaonekane. Ya kwanza ipigwe kwa mbali, kwa maana akiruka angalau utakuwa umepata moja. Sogea polepole, na angalia kivuli chako kisimwangukie.

Andika tarehe, saa na mahali siku ile ile. Andika pia ua alilokuwa akinyonya au jani alilokalia. Picha isiyo na mahali ni kama barua isiyo na anwani.

Programu ya simu ikikutajia jina, lichukue kama neno la mpita njia: huenda ni kweli, lakini lina haja ya shahidi. Tafuta ile alama inayomtenga aina huyu na wenzake, uione mwenyewe pichani. Usipoiona, baki na jina la jenasi, au la jamii. Jina pana lenye ukweli lina thamani kuliko jina finyu la kubahatisha.

Ukishiriki picha na watu wa mbali, hakikisha haionyeshi nyuso za watoto wala mahali hasa ilipo nyumba yako. Programu nyingi za namna hii zina njia ya kuficha mahali kamili huku zikibakisha eneo kwa jumla.

Na atakayependa kuingia katika kaya za Wamijikenda, ambazo baadhi yake zimo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008, aombe kwanza idhini ya wazee wa kaya na afuate adabu zao. Misitu ile imehifadhiwa kwa heshima kabla haijahifadhiwa kwa sheria.

Ushahidi ni amana

Huenda msomaji akauliza: doa moja au mawili juu ya bawa la mdudu, yana uzito gani? Jibu limo katika ule msitu. Arabuko-Sokoke ndio mkubwa uliosalia wa misitu mikavu ya pwani katika Afrika Mashariki, na kila mara mtu anapotaka kujua kama kuutunza kuna maana, huulizwa ndani yake mna nini. Jibu la swali hilo ni orodha, na orodha hutengenezwa kwa majina ambayo watu wameyaona na kuyaandika. Kipepeo akiandikwa kwa jina la mwenzake, orodha huonyesha kilichopo kuwa hakipo, na kilichotoweka kuwa kingali hai. Miaka kumi baadaye mtu atakayelinganisha orodha mbili atadhani aina fulani imehama au imekufa, na kumbe ni jani tu lililofunika nusu ya bawa.

Wazee wetu wametulea katika kujua kwamba ushahidi ni amana, na kwamba shahidi husema aliloliona na kukoma pale jicho lake lilipokoma. Tumezoea kuyasikia maneno hayo katika mambo ya ndoa, mirathi na biashara. Yule binti wa miaka 12 ameyasikia chini ya jani la Gede. Katika daftari lake, mbele ya picha ya kwanza, ameandika: "Askari, nyota hazijulikani, jani limefunika." Mbele ya picha ya pili ameandika jina kamili. Mwalimu wake wa sayansi ameomba kuliona daftari hilo, na familia mbili za mtaa wa pili zimeuliza ni lini tutakwenda tena. Mvua za masika zikishapita, majani yakiwa mabichi na maua yamejaa, inshallah tutakwenda.